Wali wa Mkono wa Kulia

Nianze na jambo alilolisema wifi yangu mwenyewe, nisije nikaonekana namsingizia. Jioni waliyofika kutoka Tanga, yeye na binti yake, kabla hata chai haijapoa, aliweka kikombe chini akasema, "Mimi sikuja kutembea. Nimekuja kumchukua ndugu yangu."

Ndugu yake ni mume wangu. Alikuwa amekaa hapo hapo kati yetu, blanketi magotini.

Mimi nimeishia darasa la saba. Kuandika nimejizoesha ukubwani, kwenye meza ya jikoni. Mara nyingi nikisoma niliyoandika jana naona nimejipendelea, basi nafuta. Haya nimeyafuta sana, na bado sina hakika kama kila mtu nimempa haki yake. Wifi nimejitahidi kumpa.

Tulikuja Sydney vijana. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye viwanda vya Seven Hills, mimi nikipakia maboksi kwenye ghala moja Smithfield. Tukalea, tukasomesha, mtoto wetu wa pekee akahamia Perth kwa kazi, nasi tukastaafu tukabaki wawili na nyumba. Tulikuwa tunapanga kwenda Tanga kukaa miezi kadhaa, ndipo kiharusi kikampiga. Upande wake wa kulia ukalala. Mguu uliamka mapema kidogo. Maneno yakarudi, lakini moja moja, kama watu wanaotoka msikitini wakitafuta viatu. Mkono ndio uliogoma.

Yeye kwao ni kitinda mimba, na wifi ndiye mkubwa wa wote. Mama yao alipokuwa akienda kazini kwenye mkonge, huyu dada ndiye aliyembeba mgongoni. Kwa hiyo aliposema amekuja kumchukua, hakuwa anasema kama dada tu. Alisema kama mtu anayefuata kitu chake alichokiazimisha.

"Kaka zake wameshapaka chumba rangi," aliniambia. "Kile cha chini, asipande ngazi. Choo wameweka cha kukaa. Watu wa kumwangalia wapo, wanagombania zamu. Hapa ana nani? Ana wewe. Nawe goti lako nimeliona tangu uwanja wa ndege."

"Ana matibabu, wifi. Kila Jumanne tunakwenda kwa fizio, yule wa mazoezi ya viungo."

"Kwetu matibabu hakuna?"

"Sikusema hakuna."

Na kweli sikusema, wala sikuwa na hakika. Nilichokuwa na hakika nacho kilikuwa kingine: nawajua watu wetu. Mume wangu akifika Tanga, hakuna atakayemwacha anyanyue hata kikombe. Atavishwa, atavuliwa, atalishwa, ataombewa dua, na mkono ule utalala moja kwa moja kwa kupendwa. Lakini neno kama hilo humwambii mgeni aliyekaa kwenye ndege mchana na usiku. Nikamwomba anipe muda mpaka karibu na siku yao ya kuondoka, tuamue akiwa amemwona ndugu yake vizuri.

"Mimi sina haraka," alisema. "Tiketi yake lakini tumeshaiulizia."

Usiku ule nilijiambia mambo mawili. Kwanza, haondoki mpaka mkono wake uwe unafanya kazi. Pili, wageni wangu watakaa raha mustarehe, asije mtu akasema nilimnyima wifi ndugu yake na chakula pia. Sikujua kama mambo hayo mawili yatagombana.

Mwezi wa sita kwetu Tanga ni kipupwe, unavaa mkono mrefu asubuhi unauvua saa nne. Huku ni baridi yenyewe, na nyumba zetu hizi za zamani za mbao ni baridi kuliko nje. Niliwapa chumba chenye hita, nikawatandikia mablanketi mpaka kitanda kikawa kama mzigo wa mitumba. Kabla hawajaingia nilifukiza udi sebuleni, kengele ya moshi ikalia wakiwa mlangoni, mume wangu akacheka. Wifi alikaa na koti siku tatu mfululizo.

"Wifi, nyumba hii mliijenga ndani ya friji?"

"Nje nyuma kuna jua."

"Yaani mwenyeji anamwambia mgeni atoke nje apate joto. Makubwa."

Lakini alitoka, akalipenda jua la barazani nyuma, akawa anakaa pale na ndugu yake kila asubuhi wakimenya machungwa. Tuseme alimenya wifi.

Hapa sina budi kueleza habari ya mkono na wali, maana ndiyo yote.

Hospitali walipoanza kumfundisha kula, walimpa kijiko chenye mpini mnene kama wa jembe. Akakisukuma. Wakamwambia basi tumia mkono wa kushoto. Alijaribu mara moja, akaangalia chakula kilivyokuwa kinakuja kwa mkono ule, akafunga mdomo. Siku mbili hakula kitu cha maana. Mimi nilimwambia ana udhuru, mgonjwa hana lawama, hata shehe angemwambia hivyo. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kushoto kuna kazi zake na chakula ni kulia, humwondolei hilo kwa udhuru.

Nikamweleza fizio. Ni binti mdogo, wazazi wake ni watu wa Vietnam, yeye amezaliwa huku huku. Nilidhani atanicheka. Alifikiri, akaniuliza mnakula nini kwa mkono. Nikamwambia wali. Akasema, njoo nao. Basi tangu hapo kila Jumanne nilikuwa napanda gari moshi nina kopo la wali kwenye mkoba, mume wangu na fimbo yake, na kule chumbani kwake, badala ya kumpa mipira na vigingi tu, alimwekea sahani. Kukusanya, kukaza, kunyanyua, kufikisha mdomoni. Alisema katika mazoezi yote aliyonayo hakuna lililomfaa zaidi, kwa sababu hili mwenyewe analitaka. Na nyumbani pia: kila mlo, mkono wa kulia, hata kama nusu inaishia kifuani. Ilichukua miezi. Mpaka kufika mwezi wa tano, matonge mengi yalikuwa yanafika.

Chakula cha kwanza cha mchana na wageni nilipika samaki wa nazi. Tulikula, tukamaliza, nikaenda kwenye sinki kama kawaida, yeye nikamwacha anaendelea, maana huchukua muda. Niligeuka nikiwa na sufuria mkononi. Wifi alikuwa ameshavuta kiti. Amekaza tonge zuri, dogo, amelichovya mchuzi, amelifikisha.

"Fungua, baba."

Akafungua.

Ningesema nini? Ni mgeni, ni mkubwa wangu, ni chakula chake cha kwanza cha mchana nyumbani kwangu. Kwetu kumlisha mtu kwa mkono wako ni mapenzi. Biharusi hulishwa, mgonjwa hulishwa, mtu unayempenda unamkatia pande la nyama ukamtia mdomoni hata kama mzima. Nikimwambia acha, nitakuwa mke anayeona wivu kwa tonge la dada. Naye mume wangu, mkono wa dada yake hajaukataa maisha yake yote. Basi kila mtu akashika adabu yake. Mgeni akahudumia kwa adabu, mgonjwa akapokea kwa adabu, mwenyeji akanyamaza kwa adabu, na mkono ukawekwa juu ya blanketi.

Ikawa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Jumanne ya kwanza fizio alikuwa likizo, kwa hiyo hapakuwa na wa kusema.

Na nisifiche upande wa pili. Ilipendeza kutazama. Alicheka siku zile kuliko mwaka mzima. Dada yake alimletea habari za mtaa mzima, nani kaoa, nani kafa, nani kanunua bodaboda akagonga ukuta wa baba yake. Alinenepa. Nami goti langu lilipumzika. Kuna mchana mmoja nililala usingizi, wapo wawili wanamwangalia, na nilipoamka nilijiuliza: hivi mimi nashikilia nini?

Siku moja nilimpeleka wifi Cabramatta sokoni. Mume wangu alibaki na binti wa wifi. Kule wifi alikuta mafungu ya matembele mabichi, yamepangwa kama soko la Ngamiani kwetu Tanga, akasimama katikati ya njia watu wakimpita.

"Mke wetu. Kumbe matembele yapo."

"Yapo."

"Na jana umenipa ile miti ya kijani iliyochemshwa."

"Brokoli. Daktari anaisifu."

"Daktari anaisifu kwa sababu haili." Akamgeukia muuzaji, bibi mmoja wa makamo yake, akaanza kupatana bei kwa Kiswahili, kwa vidole na kwa uso. Yule bibi akamjibu kwa lugha yake. Walisukumana pale mpaka wote wawili wakacheka, na wifi akaondoka na fungu la nyongeza. Kwenye treni alinishika mkono. "Sisemi unaishi vibaya," aliniambia. "Ningekuwa mimi hapa, ningeishi pia. Lakini mimi naweza kutembea mpaka kwa yule bibi. Yeye hawezi. Siku nzima barabara yenu haina mtu. Nawe ukianguka leo, nani atajua? Watampeleka kwenye nyumba za wazee, wakamlishe kwa kijiko watu wasiojua hata jina la baba yake."

Hofu hiyo naijua, nalala nayo.

Jumanne iliyofuata tulikwenda kliniki wote wanne. Wifi alitaka kumwona huyo fizio anayefanya watu wasirudi kwao. Binti yake ni mwalimu na Kiingereza anakijua, lakini alinong'ona, "Mkaza mjomba, tafsiri wewe. Huyu anasema kama ana peremende mdomoni."

Fizio alifurahi kuona wageni. Akaweka sahani, nikamimina wali. Mume wangu akautazama. Kisha, naandika nilivyoona, alimgeukia dada yake na kusubiri. Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kufunguka.

Wifi akanyoosha mkono. Fizio akamzuia kwa upole, kiganja tu hewani. "Mwache," alisema, nikatafsiri.

Mume wangu alijaribu. Vidole vilikuja pamoja polepole, vikashika punje chache, vikazimwaga. Akajaribu tena. Hakuna tonge hata moja lililofika. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Binti wa wifi aliangalia dirishani.

Fizio akauliza, "Nyumbani nani anamlisha?"

Nikatafsiri. Wifi akajibu, "Mimi. Mimi ni dada yake."

"Mwambie najua anamlisha kwa upendo. Lakini kila mlo anaomlisha, mkono unasahau. Alikuwa amefika mbali, na sasa amerudi nyuma sana. Ikiendelea hivi huenda usirudi tena."

Nikasema yote, neno kwa neno, bila kuongeza ukali wala sukari. Uso wa wifi ulikuwa mgumu kuutazama. Halafu akasema, "Na mimi nina swali. Mwulize: baridi hii inamfaa? Na kukaa bila watu, kunamfaa?"

Nikauliza. Fizio hakuwa na upande, alijibu kama mtu anayejua kazi yake. Alisema hapana, baridi inaukaza mkono, joto ni bora. Alisema mgonjwa mwenye watu wengi huzungumza zaidi, na ulimi hufunguka mapema. Alisema kama huko kwao kuna joto na kuna ndugu, yeye haoni ubaya wowote wa kwenda, mradi mkono ufanyishwe kazi.

Akanisubiri nitafsiri. Wote walikuwa wananisubiri.

Nilikuwa na nafasi, hilo sikatai. Ningeweza kusema baridi si nzuri, nikaishia hapo. Nilifikiri binti wa wifi hashiki maneno ya yule fizio. Na moyoni nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiniambia, hayo mengine si ya matibabu, yaache. Lakini nimekuwa nikitafsiriwa miaka mingi nchi hii, kwenye ofisi na hospitali, na najua ilivyo mtu akikutafsiria nusu. Unaondoka na nusu ya maisha yako. Nikasema yote: baridi, watu, ulimi, na kwamba yeye haoni ubaya wa kwenda. Nilipomaliza, wifi akafunga mtandio wake vizuri.

Jioni ile niliweka chakula mezani. Wifi akavuta kiti chake kwa ndugu yake, kama siku zote, labda kwa mazoea tu.

"Wifi," nilisema, "naomba mkono wako ukae."

"Ukae wapi?"

"Kwenye sahani yako."

Hakunikemea. Ingekuwa afadhali. Alisema, "Nyumba ni yako," akanawa, akainuka kwenye chakula asichokigusa, akaenda chumbani. Mtu kuinuka kwenye chakula chako, kwetu, ni kibao. Mume wangu akanitazama kana kwamba nimempiga mama yake. Akasukuma sahani.

"Kula," nikamwambia.

"Wewe..." akasema. Nikangoja. "Wewe... mgumu."

"Ndiyo, mgumu. Kula."

Hakula. Wala mimi sikula. Binti wa wifi alikula kidogo kwa ajili ya amani ya nyumba, kisha akanisaidia kukosha vyombo. Alikuwa anapangusa sahani moja kwa muda mrefu. "Mama aliniuliza kwa kunong'ona kwenye treni kama ulitafsiri sawasawa," alisema. "Nilimwambia hukupunguza. Maana mimi nilikuwa nasikia, mkaza mjomba. Peremende nilikuwa nimeshaizoea."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Mama akikosa la kusema ni habari kubwa."

Asubuhi nilimkuta wifi barazani nyuma peke yake, juani, ana mitandio miwili. Nilimpelekea chai nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa kumkosea heshima, lakini si kwa neno lenyewe. Neno lenyewe nilikuwa nimeamua silirudishi. Hakunipa nafasi.

"Nikuulize," alisema. "Ajilishe mwenyewe, sawa. Nimesikia, sina akili ndogo. Lakini yeye akijilisha, wewe unakuwa wapi?"

"Nakuwa hapo hapo."

"Unakuwa kwenye sinki. Mchana ule wa kwanza nilikuona. Umekula, umenawa, umekosha masufuria, unapangusa jiko, na yeye bado yuko na wali wake peke yake, kama mtoto aliyezuiwa darasani wenzake wamekwenda kucheza. Kwetu anayekula polepole anasubiriwa. Mkubwa hatoi mkono kwenye sinia mpaka wa mwisho ashibe. Wewe umetoka Tanga au umetoka wapi?"

Nilimsogezea chai yake, hakuigusa.

"Mimi sikumlisha kwa sababu ya mkono," alisema. "Mkono niliuona baadaye. Nilimlisha kwa sababu ya kile kiti kitupu mbele yake."

Nilikuwa nadhani namsitiri. Nilidhani mtu mzima anayemwaga chakula hapendi kutazamwa, basi nampa kisogo. Na vyombo pia, siwezi kusema havikuwamo. Mtu aliyefanya kazi ghalani hawezi kukaa mikono mitupu. Labda mwanzoni ilikuwa kusitiri, halafu ikawa vyombo. Nilimwambia hivyo.

"Basi una haki nusu," wifi akasema, "na mimi nina haki nusu. Sinia unayo?"

Sinia nilikuwa nayo, juu ya kabati, tangu harusi ya watu fulani. Mchana ule tulipika wali na matembele ya nazi, tukaumimina wote kwenye sinia, tukaliweka mezani kwa sababu ya mguu wa mume wangu, tukalizunguka wanne. Wifi alikula kama anayehesabu punje. Ndugu yake akikusanya, yeye anakusanya. Akimwaga, yeye anakohoa, anaomba maji. Binti yake alitusimulia habari za mwalimu mkuu wao aliyefungiwa chooni siku ya wakaguzi, akairefusha makusudi. Hakuna aliyemtazama mume wangu mkono. Wali ukapoa, tukala wa baridi. Niligeuza macho mara moja tu, nikaona wifi ameukalia mkono wake wa kushoto, na wa kulia umekamata ukingo wa sinia, kwa kujizuia. Tonge la kwanza la mume wangu lililofika lilikuwa dogo kama kunde. Alilitafuna muda mrefu sana.

Mlo ule ulichukua mchana wote. Nasi tukafanya hivyo kila siku zilizobaki. Mkono ukaanza kukumbuka, si kwa haraka, na siku nyingine ulisahau tena.

Lakini la kwenda au kubaki lilikuwa bado, na kila mtu alijua. Nilimwuliza mume wangu mwenyewe, tukiwa tunasukuma pipa la taka kwenda barabarani, yeye ameshika upande mmoja, fimbo kwapani.

"Wewe unataka nini?"

Alisimama. "Dada... ni dada," akasema. Akapumua. "Nawe... ni wewe."

"Hilo si jibu."

"Ndiyo," akasema. "Si jibu." Akaendelea kusukuma.

Jumapili ya mwisho, alasiri, Tanga kukiwa asubuhi, kaka zake walipiga simu ya picha. Walikuwa watatu wamebanana kwenye kioo kimoja, nyuma yao ukuta wa kijani, rangi mbichi bado. Wakatuonyesha kitanda. Wakatuonyesha choo. Wakauliza anafika na ndege gani.

Wifi alikuwa ameishika simu. Aliwaahidi hawa watu. Ndiye aliyechangisha michango ya rangi na ya tiketi yake, ndiye aliyesema kwenye kikao cha ukoo, niachieni mimi, mimi nitarudi naye.

"Mimi msiniulize," aliwaambia. "Nimekuja nimeona. Kuna jambo la huku na kuna jambo la kwetu, yote mawili ya kweli. Mwulizeni mwenyewe." Akampa simu ndugu yake.

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Kule upande wa pili wakasema wote kwa pamoja, karibu nyumbani, tunakungoja, umepotea sana. Yeye akaanza kusema. Neno halikuja. Kaka mmoja akasema, "Tumekuelewa, bwana, usijisumbue, dada atatuambia."

"Nyamazeni," wifi akasema. "Mwacheni amalize."

Mimi pia nilikuwa sijui atasema nini, na nilikuwa nimeshajiandaa kwa yote mawili, au nilijidanganya hivyo. Akisema anakwenda, nitafunga sanduku langu pia, na kopo la wali ndani.

"Chumba," akasema. "Chumba... mpeni mwingine." Wakataka kuingilia, wifi akanyanyua kidole. "Nina... kazi. Huku. Haijaisha." Akapumzika. "Nikija... nitakuja mgeni."

Kaka mkubwa alivua kofia yake akaivaa tena. Kisha akasema, "Mgeni kwako mwenyewe?" na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Mtanisubiri... nikila."

Simu ilipokatwa nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikuweza kufurahi, kwa sababu nilikuwa namtazama wifi. Alikuwa anapangusa kioo cha simu kwa ncha ya mtandio, na kioo kilikuwa safi. Ni yeye atakayeshuka uwanja wa ndege mikono mitupu, akakaa mbele ya wale watu na rangi yao ya kijani. Mimi nitakuwa huku.

"Umenitia aibu, wewe mtoto," alimwambia ndugu yake.

"Samahani... dada."

"Samahani ya nini. Ungesema ndiyo kwa kuniogopa mimi, hiyo ndiyo aibu." Akanigeukia. "Nawe usidhani umeshinda."

"Sidhani, wifi."

"Nitarudi kipupwe kijacho, Mungu akipenda. Na sitapiga simu kusema nakuja. Nikikuta anakula peke yake, sitauliza mtu. Natia nguo zake kwenye sanduku, na wewe kama unataka, utatufuata."

Nikasema sawa. Sikusema kwa adabu ya mwenyeji. Nilisema kwa sababu ni sawa.